Sista wa miaka 52 aliyerudi darasani kujifunza kufundisha mtandaoni

Kwa miaka 19 amefundisha ukunga katika chuo kimoja cha Nyanda za Juu Kusini, na kwa muda wote huo vifaa vyake vya kazi havijabadilika sana: chaki, ubao, mwanasesere wa plastiki wa kufundishia kuzalisha, na kabrasha la vitini ambalo kona zake zimelika. Wanafunzi wanamwita Sista. Nyumbani ni mama wa watoto wawili, na mdogo wake wa mwisho, muuguzi wa ngazi ya cheti katika zahanati iliyo mwendo wa saa tatu kwa basi, humwita Dada na humpigia simu karibu kila Jumapili jioni.

Barua ya mafunzo ilipomfikia, aliisoma mara mbili kisha akaiweka chini ya trei ya chai. Ilikuwa inamtaka ahudhurie mafunzo ya kufundisha kwa njia ya mtandao, kwa kutumia programu huria, wiki mbili mjini Morogoro na miezi mitatu zaidi akiwa kazini kwake. Alikuwa na miaka 52. Miaka mitatu baadaye angeweza kustaafu kwa hiari, na ofisini walikuwepo vijana wanaochapa kwa vidole kumi bila kuangalia. Alidhani jina lake limeingia kwa makosa.

Halikuingia kwa makosa. Mkuu wa chuo alikuwa na rundo la maombi ya wauguzi walio kazini wanaotaka kujiendeleza hadi stashahada, na wengi walikuwa wanawake wanaouliza swali moja: je, lazima nihamie chuoni?

Swali hilo Sista alikuwa akiliskia nyumbani kwao pia. Miaka minne kabla, mdogo wake alipata nafasi ya kusoma stashahada katika chuo kingine. Akawaacha watoto watatu kwa mama mkwe, akaenda. Wa mwisho alikuwa na mwaka mmoja na nusu, akaachishwa ziwa ghafla, akaanza kukataa uji, na kabla ya mwezi wa pili kwisha akalazwa kwa utapiamlo. Mama yake alipanda basi siku hiyohiyo. Mtoto alipona, lakini chuoni hakurudi. Tangu hapo, kwenye zile simu za Jumapili, baada ya salamu na habari za mvua, hufika mahali anauliza: “Dada, hivi hakuna namna ya mtu kusoma huku yupo kazini?”

Hiyo ndiyo sababu barua ilitolewa chini ya trei.

Namna hiyo ipo, wala si mpya. Mwaka 2005 shirika la AMREF kwa kushirikiana na Baraza la Wauguzi la Kenya lilianza kuwaendeleza wauguzi wa cheti kwa njia ya kompyuta, kwa hesabu rahisi kwamba ukiwatoa maelfu ya wauguzi wodini uwapeleke vyuoni, wodi zitabaki na nani? Walisoma wakiwa vituoni kwao, kwenye kompyuta zilizowekwa vyuoni na hospitalini, maana simu za wakati ule zilikuwa za kupiga na kutuma ujumbe tu.

Sista mwenyewe aliamini kwamba tayari amewahi kufundisha mtandaoni. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya corona, alikaa sebuleni akapiga picha vitini vyake ukurasa kwa ukurasa, akavituma kwenye kundi la WhatsApp. Wanafunzi wenye simu janja walivisoma kwa kuvivuta vidole viwili. Wasio nazo walisubiri hadi Juni vyuo vilipofunguliwa. Huko Morogoro alipoulizwa kama ana uzoefu, alinyoosha mkono na kueleza hayo. Mwezeshaji alimshukuru, akaandika kitu kwenye daftari lake, akaendelea.

Mwezeshaji huyo alikuwa kijana wa umri wa kuweza kumzaa. Kila asubuhi alimwamkia “shikamoo mama”, akaitikiwa “marahaba mwanangu”, na nusu saa baadaye huyohuyo mwanangu anasimama nyuma ya kiti chake kumwonyesha kwamba amebofya pasipotakiwa. Wenye umri wake wanajua uzito wa jambo hilo. Siku ya pili mwalimu mmoja wa kiume, mtu mzima, alifunga begi akidai amepigiwa simu ya msiba. Hakuonekana tena, na hakuna aliyeuliza msiba ni wa nani.

Kilichowashangaza waliobaki ni kwamba siku tatu za kwanza hawakufundishwa kutengeneza kitu chochote. Walifanywa wanafunzi. Kila mmoja alipewa jina la kuingilia na neno la siri, akaambiwa aingie kwenye kozi iliyokwisha kuandaliwa, ajitambulishe kwa maandishi, kisha asubiri. Sista aliandika mistari sita: kazi yake, watoto wake, na kwamba anaogopa kompyuta kuliko alivyoogopa chumba cha upasuaji siku ya kwanza. Akatuma. Hakuna aliyemjibu. Jioni akafungua tena, kimya. Usiku kabla ya kulala, kimya. Asubuhi kabla ya chai, kimya. Akaanza kujiuliza kama amesema neno baya.

Mchana wa siku iliyofuata mwezeshaji aliwasha projekta akaonyesha kumbukumbu za mfumo, maana programu ile huandika kila mtu ameingia saa ngapi na amefungua nini. “Mama yetu hapa ameingia mara kumi na moja kuangalia kama amejibiwa,” alisema. Darasa likacheka, naye akacheka. Kisha kijana akasema ukimya ule walikuwa wameupanga wao, ili walimu waonje kinachompata muuguzi aliye zahanati ya mbali anapouliza swali na mwalimu wake akajibu baada ya wiki.

Kuna mtaalamu wa Uingereza, Gilly Salmon, ambaye kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu kuongoza masomo ya mtandaoni kinapanga safari ya mwanafunzi katika hatua tano. Ya kwanza ni kuweza kuingia na kuwa na hamu. Ya pili ni watu kufahamiana. Masomo yenyewe yanaanza ya tatu, ndipo watu wanajenga maarifa pamoja, na hatimaye kila mmoja anasimama kwa miguu yake. Walimu wengi huanzia hatua ya tatu halafu wanashangaa kuona hakuna anayechangia. Kwa watu waliolelewa kutoa hodi na kuulizana habari za nyumbani kabla ya kufikia shida iliyowaleta, hili halikupaswa kuhitaji kitabu. Lakini mtu akikaa mbele ya skrini husahau hata adabu za mlangoni.

Programu waliyofundishwa inaitwa Moodle. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka Agosti 2002, kazi ya Martin Dougiamas wa Australia, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Curtin mjini Perth. Utotoni aliishi jangwani, mbali na shule, akasoma kwa masomo ya redio ya masafa mafupi. Sista alilipenda sana hilo. Naye alikulia kwenye nyumba yenye redio moja ya mbao, akaelewa mara moja kwa nini mtu wa namna hiyo angehangaika kutengeneza darasa la watu walio mbali.

Lakini neno lililomsumbua ni “huria”. Aliandika daftarini: huria maana yake bure. Mwezeshaji akamwomba akate. Kwa Kiingereza, akaeleza, neno moja hubeba maana zote mbili, na wenye lugha yao wamekuwa wakifafanua jambo hilo tangu Mmarekani Richard Stallman alipotangaza mradi wake wa GNU mwaka 1983. Kiswahili kina maneno mawili, hatuna sababu ya kuchanganyikiwa. Bure ni habari ya bei. Huria ni habari ya ruhusa: kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuifungua uone imeandikwaje na kuibadilisha, kumpa mwenzako nakala, na kumpa hata ile uliyoibadilisha wewe. Ndiyo maana mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliweza kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Leseni ilikuwa imekwisha kuwaruhusu kuibadilisha.

Sista alikumbuka vitabu vya MTUHA ambavyo kila muuguzi nchini amejaza hadi mkono ukauma. Takwimu zake siku hizi huingizwa kwenye mfumo wa DHIS2. Aliuliza kama na huo ni wa kulipia, akajibiwa kwamba nao ni huria, unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo huko Norway, na mizizi yake iko Afrika Kusini baada ya kuanguka kwa ubaguzi wa rangi. Kumbe alikuwa mtumiaji wa programu huria kwa miaka bila kujua. Hapo hofu ilipungua kidogo.

Bure, kwa upande mwingine, haipo. Seva inataka umeme, inataka chumba chenye ubaridi au ada ya kukodi mahali pa kuiweka, inataka mtu wa kuchukua nakala za akiba na kusasisha mfumo kabla wahalifu hawajapata mwanya. Hapa ndipo vyuo vingi hukwama. Hununua kompyuta 20, hukata utepe, hupiga picha, halafu hakuna mshahara wa fundi wala saa za mwalimu. Kozi nzuri ya mtandaoni hula muda mwingi kuliko kipindi cha darasani, hasa mwaka wa kwanza, na muda huo usipoandikwa kwenye ratiba utachukuliwa nyumbani kwa mtu. Kwa kawaida mtu huyo ni mwanamke na muda huo ni wa usiku.

Sista aliporudi nyumbani ndivyo ilivyokuwa. Kompyuta mpakato aliinunua ya mtumba kwa mkopo wa kikoba. Chuo kilimpa kozi ya kuandaa, lakini vipindi vyake vya darasani vilibaki vilevile. Ikawa watoto wakila, vyombo vikioshwa, anafungua mashine mezani. Mwanawe wa kidato cha tatu alimfundisha njia za mkato za kunakili na kubandika, kwa malipo ya bando. Mumewe, mwenye duka la vipuri vya magari, alivumilia wiki ya kwanza na ya pili. Wiki ya tatu alisimama mlangoni saa tano na nusu usiku na shuka begani.

“Mama watoto, hao wanafunzi wako wa kwenye mashine hawalali?”

Hakuwa anatania. Walizungumza hadi saa saba, na si yote yaliyosemwa yalikuwa ya upole. Posho ya Morogoro ilitajwa, kwamba iliisha kabla ya kulipa hata deni la duka. Kustaafu kulitajwa. Mwishowe walikubaliana kwamba saa nne mashine inafungwa, awe amemaliza au hajamaliza. Yeye akahamishia kazi saa kumi alfajiri. Mume ameshinda kwa nusu, ndivyo majirani wangesema, ingawa chai ya alfajiri sasa huchemshwa na yeye mume, baada ya kuamshwa na kengele ya simu ambayo si yake.

Kozi aliyopewa kuandaa ni ufuatiliaji wa uchungu wa uzazi kwa kutumia patografu. Jaribio lake la kwanza lilikuwa kupakia slaidi zake zote 86 kama zilivyo. Mwezeshaji alimpigia. “Shikamoo mama. Samahani sana, lakini hii ni fotokopi tu iliyopanda mtandaoni.” Alinuna siku mbili. Siku ya tatu alifungua tena, akaziangalia kwa jicho la mtu mwenye simu ya inchi tano na bando la siku, akaona kijana hakusema uongo.

Akaanza upya na mama mmoja wa kubuni. Mimba ya pili, amefika saa mbili usiku, njia imefunguka sentimita tano, mapigo ya mtoto ni mazuri. Mwanafunzi anaambiwa ajaze chati. Saa nne baadaye kichwa hakijashuka na mkojo una dalili fulani. Unafanya nini? Kila jibu linafungua mlango wake, na jibu baya halimpi mwanafunzi alama nyekundu tu, linamweleza kilichotokea kwa yule mama.

Kuyaandika maelezo ya majibu mabaya kulichukua alfajiri nyingi kuliko kitu kingine chochote, na ndiko kulikombadilisha. Ili uandike jibu baya ambalo mwanafunzi wa kweli atalichagua, sharti ujue wanafunzi hukosea wapi. Wale vijana wa vidole kumi hawakulijua hilo. Yeye alikuwa na miaka 19 ya kuona watu wakikosea: wanaochanganya kufunguka kwa njia na kushuka kwa kichwa, wanaojaza chati mama akisha kujifungua ili ionekane safi, wanaoona aibu kumwita daktari mara ya pili. Yote yakaingia kwenye hifadhi ya maswali.

Na kulikuwa na ile sentimita. Vitini vyake, alivyoviandika mwaka 2011, vinasema hatua ya uchungu mkali huanza njia ikiwa sentimita nne. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2018, linasema tano, na kwamba njia kufunguka polepole chini ya sentimita moja kwa saa pekee si sababu ya kumwingilia mama. Tofauti hiyo inaweza kumwepusha mwanamke na dripu ya kuongeza uchungu au kisu asichokihitaji. Kwenye kozi, Sista alirekebisha mahali pamoja na wanafunzi wote wakaiona asubuhi ileile. Kwenye duka la steshenari mbele ya geti la chuo, vitini vya 2011 bado vinauzwa, fotokopi ya fotokopi, na jina lake liko juu.

Kundi la majaribio lilipofunguliwa, mdogo wake aliomba, akapita kwenye usaili kama wengine. Dada mtu hakukaa kwenye meza ya usaili wala hakusahihisha kazi zake za mwisho. Alimwomba mwenzake wa ofisini afanye hivyo, na aliandika barua kueleza kwa nini. Zahanatini mtandao unashika vizuri nyuma ya choo cha wagonjwa, karibu na mwembe. Programu ya Moodle ya kwenye simu inaruhusu kupakua somo na kulifanya bila mtandao, halafu kazi inatumwa mtandao ukirudi. Kwa hiyo asubuhi alipakua chini ya mwembe, usiku alisoma kitandani huku mtoto wa mwisho, sasa ana miaka mitano na ushehe, amelalia mkono wake.

Jaribio la kwanza alipata nne kwa kumi. Jumapili ile hakupiga simu.

Wiki iliyofuata alirudia, kwa sababu mfumo ulimruhusu kurudia na maswali yalikuja kwa mpangilio mwingine, akapata saba. Lakini kilichomtoa kwenye kona si alama. Kwenye jukwaa la majadiliano aliandika habari ya mama aliyempa rufaa gari likachelewa, bila jina, bila kijiji, bila tarehe, kama walivyofundishwa kulinda siri ya mgonjwa. Wenzake kutoka vituo vingine walimjibu mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mwembe wake na gari lake lililochelewa. Mmoja alieleza jinsi kituo chao kinavyompigia dereva mapema, mara tu dalili ya kwanza inapoonekana kwenye chati. Darasani mwa Sista, mazungumzo kama hayo hayakuwahi kutokea. Saa haikutosha, na wanaoongea walikuwa walewale wa dawati la mbele.

Si kila kitu kilikwenda. Watatu waliacha mapema. Mmoja alisema wazi kwamba yeye bila kumwona mwalimu usoni hajifunzi. Kuna wakufunzi chuoni wanaoliona jambo zima kuwa la mradi, litakufa mradi ukiisha, na wakitazama historia hawana sababu ya kuaibika. Na mikono haifundishiki kwa kubofya. Kupapasa tumbo la mama, kupima njia, kumtoa mtoto aliyekwama bega, hayo yanataka mwanasesere kwanza, kisha wodi, na mkunga mzoefu amesimama kando. Hivyo kila muhula wanafunzi huja chuoni kwa wiki chache za vitendo. Kwa mdogo wake Sista, wiki chache ni muda ambao mama mkwe anaumudu, na mtoto halazwi.

Juzi, alipoamka saa kumi na kuwasha mashine, alikuta ujumbe wa saa tano usiku. “Dada, kuna mama ameletwa kwa bodaboda, njia sentimita saba, niko peke yangu. Na jaribio linafungwa saa sita.” Lilikuwa limekwisha kufungwa. Kwenye Moodle kuna sehemu ya kumwongezea muda mwanafunzi mmoja bila kuwafungulia wote, lakini sasa mwenye uamuzi huo kwa kazi za mdogo wake ni yule mwenzake wa ofisini. Akamtumia ombi pamoja na nakala ya ujumbe, kisha akaandika kwa mdogo wake: “Mama na mtoto?”

Jibu lilikuja saa moja asubuhi, wakati anamfunga mwanawe kitufe cha shati. Wa kike, kilo tatu na gramu mia mbili, wote wazima. Jaribio angelifanya akishalala kidogo.